Trekta, mashine ya begani au kwanja: kuchagua njia ya kufyeka shamba au kiwanja kilichoota pori Tabora na Kigoma

Mvua za Tabora zinapokaribia kwisha, kati ya mwishoni mwa Aprili na katikati ya Mei, majani yaliyoachwa tangu Novemba huwa yamempita mtu mzima kimo, na hapo ndipo wenye viwanja na mashamba wanapoanza kutafuta mtu wa kuwafyekea. Swali ninaloulizwa kwanza karibu kila mara ni lile lile: ekari moja ni shilingi ngapi? Mimi humjibu mteja kwa swali langu, nikitaka kujua chini ya hayo majani kuna nini, na mara nyingi hufuata kimya, kwa sababu mwenye shamba amekaa miaka mitatu bila kuingia ndani yake zaidi ya hatua ishirini.

Ni haki msomaji ajue tangu mwanzo kwamba riziki yangu inatokana na kufyeka kwa trekta. Hata hivyo nimekwisha kuwarudisha wateja wengi kwa vibarua wenye makwanja, na wengine nimewaelekeza kwa vijana wenye mashine za begani, wala si kwa ukarimu, bali kwa sababu kazi isiyolifaa trekta hula faida ya kazi nyingine tano. Ulinganisho huu unazipima njia hizo tatu kwa vigezo vilevile, ili mtu aliyekwama kati yake aone ipi inaielekea ardhi yake.

Vigezo kabla ya bei

Kigezo ninachokiweka mbele ya vyote ni kile kilichofichika chini ya majani. Ardhi ya miombo iliyowahi kulimwa kisha ikaachwa haiwi kama inavyoonekana kutoka barabarani. Ina visiki vilivyochipua upya, ina vichuguu vya mchwa ambavyo vingine vinashinda nyumba kwa ukubwa na vingine vinafika magotini tu, na pale palipowahi kuwa na makazi kuna mashimo ya udongo wa matofali, vyoo vya zamani vilivyoporomoka na misingi ya mabani ya kukaushia tumbaku. Jambo hili ndilo linaloamua chombo kipi kiingie, na ukubwa wa eneo hufuata nyuma yake. Nimewahi kuona ekari nane zilizofaa makwanja matupu, na robo tatu ya ekari iliyokwisha kwa trekta kabla chai ya mwenye nyumba haijapoa.

Cha pili ni umbo la ardhi, yaani mteremko, upana wa mahali pa kuingilia na tabia ya udongo. Mchanga wa kuzunguka mji wa Tabora hupitika siku moja au mbili baada ya mvua, lakini udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Igunga na sehemu za Nzega, ukishalowa hushika gurudumu na kulizamisha. Kigoma shida huwa nyingine: kuanzia miinuko ya Kasulu na Buhigwe hadi miteremko ya mjini inayoshuka kuelekea Ziwa Tanganyika, mashamba mengi yamelala kwa pembe ambayo dereva mwenye busara huitazama mara mbili.

Cha tatu ni msimu. Majani yaliyofyekwa Februari, mvua zikiendelea, huwa yameanza kurudi ndani ya wiki chache, na mwenye shamba atalipa tena Aprili. Yaliyofyekwa mwishoni mwa Mei hayarudi mpaka mvua za Novemba, lakini kufikia wakati huo yamekwisha kuangusha mbegu, na mabua yake yakikauka hulala chini yakisubiri kiberiti.

Cha nne ni gharama nzima, ambayo ni zaidi ya bei ya ekari. Ndani yake mna safari ya kuja na kurudi, chakula cha wafanyakazi, siku zinazopotea mvua inaponyesha, na ugomvi wa kipimo, ambao unastahili maneno machache. Huku kwetu ekari hupimwa kwa hatua sabini kwa sabini. Hatua ndefu ya mtu wa kimo cha kawaida ni kama sentimita 90, na hivyo upande mmoja huwa mita 63 na eneo zima mita za mraba 3,969, karibu sawa na ekari ya vitabuni yenye mita za mraba 4,047. Mtu akichukua futi kamba akapima mita sabini kwa sabini, anapata mita za mraba 4,900, na katika kila ekari tano zilizohesabiwa namna hiyo imejificha ekari ya sita. Wateja na wenye matrekta wamekosana kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya bei yenyewe, na kwa hiyo inafaa pande zote mbili zitaje kipimo kwa mita kabla injini haijawashwa.

Cha tano ni hatari kwa anayefyeka, kwa mpita njia na kwa jirani, na cha mwisho ni hali ya ardhi baada ya kazi. Hapa wengi huchanganya kufyeka na kusafisha shamba. Kufyeka ni kukata kilicho juu. Mizizi na visiki hubaki vilevile, na mti wa miombo uliokatwa hutoa machipukizi mengi kuliko uliyoyakata. Anayetaka kulima msimu ujao atahitaji sululu na jembe baada ya fyekeo, kwa njia yoyote atakayoichagua.

Kiberiti na dawa sikuviweka katika ulinganisho. Moto unaonekana kuwa wa bure mpaka unapovuka mpaka na kuiteketeza mizinga ya nyuki ya jirani au banda la mtu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inauwekea uchomaji wa uoto masharti ambayo hayamlindi anayewasha na kuondoka. Dawa za kuua majani, kama zile zenye glaifosati, hufanya kazi juu ya jani bichi linalokua. Ukimwagia pori la Juni lililokwisha kukauka umepoteza fedha, na hata likifa likiwa bichi bado litasimama palepale, kavu, likihitaji kufyekwa.

Kufyeka kwa trekta

Ardhi inayoifaa. Chombo chenyewe ni fyekeo linalofungwa nyuma ya trekta, ambalo mafundi huliita slesha: sahani nzito ya chuma kama meza iliyofunikwa, na chini yake visu viwili au zaidi vinavyozungushwa na shafti itokayo kwenye trekta. Katika mafyekeo mengi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde, na giaboksi huongeza kasi kabla haijafika kwenye visu. Kifaa cha namna hii hukata majani ya urefu wowote na vijiti vya unene wa kidole gumba bila kunung'unika, lakini hakina macho. Kinapenda ardhi iliyowahi kulimwa kwa plau, isiyo na visiki, yenye lango pana na nafasi ya kugeuzia.

Miaka michache iliyopita nilipewa uwanja wa taasisi moja nje kidogo ya mji, na msimamizi wake akanihakikishia kwamba hapakuwa na kitu ila majani. Katika mzunguko wa tatu mlio wa fyekeo ulibadilika ukawa mzito, kisha likaanza kugonga kama debe lenye misumari. Nilizima injini, nikasubiri visu visimame vyenyewe, tukalikingia fyekeo magogo ili lisishuke, nikalala chali kuchungulia. Waya wa seng'enge ulikuwa umejiviringa kwenye kitovu cha visu, mzingo juu ya mzingo, umekazwa na kung'aa kwa msuguano, na ulikuwa umekwisha kuila sili ya oili, kwani mchirizi mweusi ulikuwa unashuka kwenye kisu. Tuliukata kipande kimoja kimoja kwa msumeno wa chuma kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Ule waya ulikuwa uzio wa zamani ulioangushwa na kusahauliwa. Tangu siku hiyo sikubali kazi kabla ya kutembea ndani ya eneo pamoja na mwenyewe. Wapo wanaoona ni kupoteza muda, na mzee mmoja wa Uyui aliniuliza kama nimekuja kufyeka au kununua shamba. Nikamwambia, "Mzee wangu, tutembee kwanza, nisije nikakuvunjia kisima." Tulikikuta, mdomo wake umefunikwa na mabati mawili yaliyooza.

Juu ya mashine na ardhi ya miombo, watu wa Urambo wana historia ndefu kuliko mimi. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea uliyaingiza matrekta na mabuldoza porini kwa matumaini makubwa, na kufikia mwaka 1951 ulikuwa umeachwa, mashine nyingi zikiwa zimechakaa kabla ya wakati wake. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa hiyo ya kuipima ardhi kwa ukubwa kabla ya kuijua ilivyo.

Kasi na msimu. Fyekeo la upana wa mita moja na nusu, trekta likienda kilomita nne kwa saa, hupita mita za mraba 6,000 kwa saa katika hesabu ya karatasi. Ukiondoa kugeuza, kurudia mistari na kusimama kukagua, hubaki kama ekari moja kwa saa. Pori lililoachwa miaka kadhaa hulazimisha gia ya kwanza na mwendo wa nusu ya huo, na hapo nusu ekari kwa saa ni kazi nzuri. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, ambao ni zaidi kidogo ya ekari moja na robo tatu, humalizika asubuhi moja. Katika udongo wa mbuga, hata hivyo, kasi hii yote haina maana mpaka ardhi ikauke.

Gharama. Katika kazi ya kufyeka trekta langu hula lita nne hadi sita za dizeli kwa saa, na hiyo si sehemu kubwa ya bei kama wateja wanavyodhani. Kinachopandisha bei ni njia. Trekta likitembea kilomita thelathini kwenda kufyeka nusu ekari, mteja analipia safari na anapewa kufyekewa kama nyongeza. Dawa yake ni majirani watatu au wanne kukubaliana siku moja, wakagawana gharama ya safari. Jambo lingine la kuandikishana ni nani atalipia kisu kikivunjwa na chuma kilichofichwa. Utaratibu wangu ni kwamba kitu kilichowekewa alama ya kijiti na kitambaa nikikigonga ni changu, na kisichowekewa alama ni cha mwenye shamba. Bolti ya usalama, ambayo kazi yake ni kukatika ili giaboksi ipone, huwa yangu daima.

Hatari. Jiwe likipigwa na kisu hutoka kama risasi, na kwa hiyo sitaki mtu ndani ya mita hamsini, wala sifyeki karibu na darasa lenye watoto ndani. Watoto hupenda kukimbia nyuma ya trekta, na watu wazima hupenda kupanda juu ya mbawa za gurudumu. Wote wawili wakatazwe bila haya. Shafti isiyo na kifuniko hunyakua kanga au mkono wa koti kabla mwenye nguo hajajua. Kwenye mteremko trekta lipande na kushuka, lisikate kwa ubavu, na pale dereva anapohisi gurudumu la juu limekuwa jepesi, siku imekwisha.

Kinachobaki. Majani husagwa vipande vifupi na kutandazwa, mabaki yakiwa na kimo cha kiganja hivi, na mvua zikirudi mabaki hayo huoza na kurutubisha. Vichaka lakini hubakia vimepasuka na kuchongoka, na vigingi hivyo hutoboa kandambili na hata tairi la pikipiki. Anayetaka bustani ya ukoka iliyolala kama zulia asilitegemee fyekeo la trekta, kwa sababu litamwachia michirizi na mabonde.

Anayefaa kuichagua. Mwenye ekari mbili na kuendelea za ardhi iliyo wazi na inayojulikana, shule na taasisi zenye viwanja vipana, na mwenye shamba la miti anayetaka njia ya kuzuia moto ifyekwe kabla ya Juni.

Kufyeka kwa mashine ya begani

Ardhi inayoifaa. Hii ni mashine yenye injini ndogo ya petroli, bomba refu, na mwishoni kisu cha chuma au kamba ya nailoni, ikining'inia begani mwa mfyekaji kwa mkanda. Inaingia penye lango jembamba, inazunguka makaburi, miembe, nguzo na kuta, na inapanda mteremko ambao trekta halithubutu. Anayeishika anaona anachokikata, ingawa si vizuri kama mwenye kwanja, maana majani marefu humwangukia mbele.

Kasi na msimu. Katika majani ya kawaida kijana mzoefu humaliza ekari kwa siku moja na ushei, na katika pori zito siku mbili hadi nne. Majani mabichi yaliyolowa hujifunga kwenye kichwa cha mashine, na kwa hiyo kazi huanza umande ukishakauka.

Gharama. Mashine hula kama lita moja ya petroli kwa saa ikifanyishwa kazi nzito. Injini nyingi za aina hii hutaka petroli iliyochanganywa na oili kwa kiasi maalumu. Zile za kiwango cha hamsini kwa moja huhitaji mililita 20 za oili katika kila lita ya petroli, na zile za ishirini na tano kwa moja huhitaji mililita 40. Anayemimina kwa kukadiria na kizibo cha soda ataua pistoni, na kama mashine ni ya mwenye kiwanja aliyoiazima kwa kijana, hasara ni yake. Ndiyo maana naona ni heri kumlipa kijana mwenye mashine yake kuliko kununua mashine na kuajiri mkono usioijua.

Hatari. Vitabu vya mashine hizi hutaka watu wakae mbali kwa mita 15 au zaidi. Kisu cha chuma kikigonga kisiki hurusha bomba pembeni kwa nguvu, na vumbi, vijiti na kokoto hurudi kwa mfyekaji mwenyewe, hivyo miwani ya kukinga macho, gambuti na suruali nzito ni vifaa vya lazima. Kwa huku kwetu kuna adui mmoja ambaye hakuandikwa kwenye vitabu hivyo, naye ni upupu. Unapanda juu ya majani mengine, na kufikia Juni maganda yake ya rangi ya kahawia yanaonekana laini kama mahameli. Mashine ikiyapiga, vinyweleo hupaa kama moshi mwepesi dhidi ya jua. Nimemwona kijana akiiacha mashine chini ikiwa inaunguruma, akavua shati, akaanza kujikuna shingo kwa mchanga, na hakurudi kazini siku hiyo. Upupu ukionekana, ufyekwe Machi ukiwa na maua au kabla maganda hayajakauka, la sivyo usubiri.

Kinachobaki. Majani hulala kwa mistari, yakiwa marefu, na yanahitaji reki na mtu wa kuyakusanya. Kamba ya nailoni hutoa mkato safi unaofaa uwanja wa nyumba.

Anayefaa kuichagua. Mwenye kiwanja cha mjini, cha kanisa au msikiti, zahanati, na yeyote mwenye eneo la chini ya ekari mbili lenye vizuizi vingi.

Kufyeka kwa kwanja

Ardhi inayoifaa. Hakuna ardhi ambayo kwanja halikubaliki, na kwa ile isiyojulikana ndilo linaloongoza. Kibarua akikanyaga ukingo wa shimo anarudi nyuma, trekta lingetumbukia. Panga likiongozana na kwanja, vichaka vya lantana na machipukizi ya miombo hukatwa kimoja kimoja, na mti unaotakiwa kubaki, kama mche wa mwembe au wa mninga uliojiotea, unasalimika. Hiyo ni huduma ambayo mashine mbili za mwanzo haziwezi kuitoa.

Kasi na msimu. Kwa majani marefu mtu mmoja huhitaji siku nne hadi nane kwa ekari, ikitegemea vichaka vilivyomo, na hivyo watu sita wanaweza kuimaliza kwa siku moja au mbili. Tatizo ni kwamba mahitaji na watu havikutani. Kati ya Novemba na Februari kila mwenye nguvu yumo shambani kwake, na mavuno ya tumbaku na mahindi huwashika wengi mpaka Mei. Juni na Julai ndipo vibarua hupatikana kwa wingi.

Gharama. Ugomvi hapa hutokana na namna ya kulipa. Ukilipa kwa siku, kazi hurefuka. Ukilipa kwa ngwe, hufanyika haraka na majani huachwa magotini. Ninachokiona kinafanya kazi ni kumpa kila mmoja ngwe yake iliyopimwa, kukubaliana kimo cha mabaki, na kuitazama ngwe ya kwanza kwa pamoja kabla ya wengine kuendelea. Maji ya kunywa na chakula cha mchana vihesabiwe. Fedha hiyo, tofauti na ya dizeli, hubaki kijijini, na kwa mwenye shamba asiyeishi hapo jambo hilo humnunulia macho ya majirani ambayo mlinzi hayatoi.

Hatari. Kifutu hakikimbii. Nyoka wengine husikia kishindo wakaondoka, lakini kifutu hutegemea rangi yake na kulala palepale, na mguu au mkono unapomfikia ndipo anapogonga. Vibarua wavae mabuti, wapige majani kwa fimbo ndefu mbele yao, na wasimame mbalimbali ili kwanja la mmoja lisimfikie mwenzake. Aliyeumwa na nyoka apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kuchanjwa wala kufungwa kamba. Nyuki na mavu ndani ya vichuguu na mashina nao hufukuza kikosi kizima.

Kinachobaki. Majani hukatwa marefu na yakiwa mazima, na hapa kuna faida ambayo wenye viwanja wa mjini huisahau: nyasi ndefu za kuezekea zina wenyewe. Ukiwaarifu wanaohitaji kuezeka mwezi mmoja kabla, baadhi watakuja kuzikata na kuzibeba bila malipo, na kibarua wako atakuta kazi imepungua.

Anayefaa kuichagua. Mwenye ardhi isiyojulikana iliyomo, mwenye visiki na vichuguu vingi, anayetaka kuokoa miche, na mwenye muda.

Pale njia mbili zinapokutana

Mashamba ya michikichi ya Kigoma ndiyo mfano ninaoupenda wa kuchanganya. Mche hupandwa kwa umbali wa mita 9 hivi kutoka mwenzake, nafasi inayolitosha trekta lenye fyekeo dogo kupita kati ya mistari pale ardhi ilipo tambarare, kama sehemu za Ujiji. Lakini duara la kuzunguka shina lazima lisafishwe kwa mkono, kwa sababu kisu kikigusa mchikichi mchanga umepoteza miaka, na kwa sababu tunda lililoiva likianguka ndani ya majani halionekani. Trekta kwa njia, kwanja kwa duara. Mkulima anayelazimisha chombo kimoja kufanya zote mbili atalipa kwa fedha au kwa miche.

Mwongozo kwa hali yako

Kama umenunua kiwanja kilichoachwa kwa miaka na hujui historia yake, anza na watu wawili wenye makwanja wafungue njia mbili zinazokatana katikati. Kwa kazi hiyo ya nusu siku utajua kama trekta linaweza kuingia, na hata kama jibu ni hapana, fedha hiyo haikupotea, kwani eneo hilo limekwisha kufyekwa.

Kama una ekari tano zilizolimwa mahindi mwaka juzi, udongo wa mchanga na lango pana, trekta litakuokolea wiki mbili. Tafuta majirani wa kugawana safari, taja kipimo kwa mita, na weka vijiti vyenye kitambaa chekundu penye kila kitu unachokikumbuka.

Kama uko kwenye mbuga za Igunga, usiweke ahadi ya tarehe na mwenye trekta kabla ya Juni; vibarua wanaweza kukusaidia mapema kando ya nyumba, na shamba lenyewe lisubiri ardhi ibebe uzito.

Kama shamba lako limelala kwenye mteremko wa Kasulu au Buhigwe, mashine ya begani na kwanja ndizo za kuzungumza nazo, na mwenye trekta anayekubali bila kwenda kutazama asipewe kazi.

Kama ni shule yenye uwanja mmoja wa mpira na mazingira ya madarasa, trekta lifyeke uwanja wakati wa likizo, na mashine ya begani ishughulikie ukingo wa majengo. Kabla ya hapo wanafunzi wapange mstari, watembee uwanja mzima polepole, waokote mawe, chupa na nondo.

Kama hofu yako ni moto, kipaumbele ni ukanda wa kuzunguka mpaka, na ndani yake unaweza kungoja. Ukanda huo ufyekwe mabua yakiwa bado na ubichi, kisha mabaki yakusanywe na kuondolewa, kwa sababu majani makavu yaliyotandazwa chini hupitisha moto kwa urahisi kuliko ilivyo kawaida kudhani.

Na kama unaishi Dar es Salaam au Mwanza na shamba lako liko huku, mtume mtu unayemwamini akatembee ndani ya eneo pamoja na mfyekaji kabla ya kutuma fedha yoyote. Apige picha za pembe zote nne na za kila shimo na kisiki watakachokikuta, kisha apige nyingine kazi ikiisha, akiwa amesimama mahali palepale, na malipo ya mwisho yasubiri picha hizo za pili.